Mfupa Una Wenyewe

Leo mazungumzo yetu ni ya mifupa, na nitayaanzia Lusahunga, wilayani Biharamulo, pale barabara ya kutoka Nyakanazi inapogawanyika. Mkono mmoja unakwenda Biharamulo mjini, Muleba hadi Bukoba. Mwingine unashika Ngara, kilomita 90 na ushei mpaka daraja la Rusumo mpakani na Rwanda. Malori ya Kigali na Bujumbura hupumzika pale. Dereva anashuka huku kashika kiuno, maana amekaa kitini tangu Dar es Salaam. Mbele yake anapita mama na mkungu wa ndizi kichwani, katembea tangu shambani. Na katikati ya matela wanakatiza vijana wa bodaboda, utadhani kila mmoja kaacha mifupa ya akiba nyumbani.

Dereva, mama na kijana wa bodaboda: hao watatu ndio watakaonisaidia leo.

Wengi wetu tunauchukulia mfupa kuwa kitu kikavu kilichokwisha kukua. Kazi yake kushikilia nyama; ukivunjika unaungwa, ukizeeka unauma, basi. Sasa kesho nenda buchani asubuhi na mapema, ng'ombe akiwa kachinjwa alfajiri, uangalie paja pale shoka lilipopita. Juu ya mfupa kuna utando mweupe mwembamba ambao muuza nyama akiukwangua kwa kisu unabanduka, na chini yake utaona vidoa vidogo vya damu vinajitokeza. Hivyo ni vitundu vya mishipa inayoingia ndani. Ukitazama kwenye ncha, karibu na kiungo, mfupa si mgumu tena. Ni vitundu tu, na vyote vimejaa uboho mwekundu. Huo ni mfupa ulio hai. Ule mkavu unaouona jalalani, unaogugunwa na mbwa, ni maiti ya mfupa, na sisi tumezoea kuihukumu mifupa yetu kwa kuiangalia maiti.

Ndani ya mfupa hai kuna wenyewe, yaani seli, na kwa leo tukumbuke za aina tatu. Msikilizaji wa Ngara na Biharamulo ameona barabara kuu ikikarabatiwa huku malori yanapita. Kuna kikosi cha kung'oa lami iliyochoka. Nyuma yake kinakuja kikosi cha kujaza kifusi na kumwaga lami mpya. Na kuna wasimamizi, wale wanaojua ufa uko wapi na kikosi gani kiitwe lini. Mfupa unakwenda hivyo hivyo. Seli za kubomoa zinaitwa osteoklasti. Ni kubwa, kila moja ina viini vingi. Inajibandika juu ya mfupa, inamwaga tindikali na vimeng'enya, na kwa muda wa kama wiki 3 inakuwa imechimba shimo dogo. Seli za kujenga ni osteoblasti. Hizo zinaingia shimoni, zinatandika nyuzi za protini iitwayo kolajeni, kisha madini ya chokaa na fosfati yanajipanga juu ya nyuzi hizo. Kujaza kunachukua miezi 3 hadi 4. Kubomoa ni haraka, kujenga ni polepole, na nakuomba usilisahau hilo maana ndipo magonjwa mengi ya mifupa yanapoanzia. Kwa mtu mzima, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka. Kwa hiyo kiunzi ulichokuwa nacho miaka 10 iliyopita sehemu yake kubwa si hicho unachotembea nacho leo.

Wasimamizi ndio wanaonivutia zaidi. Baadhi ya seli za kujenga, zikimaliza kazi, hazitoki. Zinabaki zimezikwa ndani ya mfupa ule ule zilioujenga. Hapo zinabadilika, zinaitwa osteosaiti. Kwa muda mrefu wataalamu walizidharau, wakaona ni seli zilizostaafu. Kumbe katika kila seli 100 za mfupa, hizo ni zaidi ya 90, na moja inaweza kuishi miaka mingi, hata makumi ya miaka. Kila moja ina mikono myembamba inayopenya katika vijia vidogo hadi kushikana na jirani zake, kwa hiyo mfupa mzima umeunganishwa.

Ukitembea, ukiruka mfereji, ukiinua ndoo, mfupa hupinda kidogo mno, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kupinda huko kunasukuma majimaji ndani ya vijia, na osteosaiti zinauhisi msukumo. Zikiuhisi, zinawaruhusu wajenzi. Zisipouhisi kwa siku nyingi, zinawazuia wajenzi na kuwaita wabomoaji, kwa sababu mwili haupendi kugharimia kitu kisichotumika. Daktari Julius Wolff wa Berlin aliandika tangu 1892 kwamba mfupa hujipanga kufuatana na mzigo unaoubeba, ila wakati wake haikujulikana ni nani ndani ya mfupa anayeupima mzigo huo. Mcheza tenisi aliyeanza utotoni, ukimpiga eksirei, mkono wa raketi una mfupa mnene kuliko mwenzake. Na wanaanga, wanaoelea huko juu bila uzito, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Mwezi mmoja tu.

Rudi sasa kwa yule mama mwenye mkungu. Mifupa ya nyonga na mapaja yake inapata habari siku nzima: hapa pana kazi. Sisemi kubeba mizigo mizito ni dawa. Shingo ina kikomo chake, na mwenye kulazimika kubeba ndoo mbili tangu akiwa msichana mdogo anajua kikomo hicho kiko wapi. Nasema tu kwamba jembe, kilima na maji ya kuteka vinamlipa kitu ambacho hakionekani. Dereva wetu yeye halipwi. Maumivu yake ya kiuno mara nyingi yanatoka kwenye misuli na zile sahani laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo, hasa kwa mtikisiko wa gari, si kwenye mfupa wenyewe. Lakini misuli na mfupa hudhoofika pamoja. Huzungumza kwa kemikali, misuli ikituma za kwake na mfupa za kwake; osteosaiti hutuma hata homoni inayokwenda kuziambia figo zitoe fosfati kiasi gani. Dereva akisimama Lusahunga na kwenda moja kwa moja kulala chini ya tela, amepumzisha macho tu. Azunguke gari lake kwa miguu mara kadhaa, apande na kushuka ngazi ya kichwa cha lori, achuchumae na kusimama.

Habari hiyo ya wasimamizi kuwazuia wajenzi ilithibitishwa kwa njia ya ajabu, na ilitoka Afrika. Huko Afrika Kusini, kati ya Makaburu, kuna koo zilizo na ugonjwa wa kurithi uitwao sklerosteosisi. Mtoto anazaliwa, mara nyingi vidole viwili vimeshikana, na anavyokua mifupa yake inanenepa bila kukoma. Ukisikia hivyo unaweza kutamani. Lakini mfupa wa fuvu ukinenepa unabana mishipa ya fahamu: uso unapooza, masikio yanaziba, na ubongo wenyewe unakosa nafasi. Daktari Herman Hamersma wa Pretoria, wa masikio na koo, aliwahangaikia wagonjwa hao kwa miaka mingi. Mwaka 2001 ikagunduliwa jeni iliyoharibika kwao. Jeni hiyo ndiyo inayotengeneza protini iitwayo sklerostini, na kiwanda chake kikuu ni osteosaiti. Hiyo ndiyo amri ya kusema "wajenzi, acheni." Mwenye ugonjwa ule hana amri hiyo, kwa hiyo wajenzi hawaachi. Wataalamu wakajiuliza: je, tukimnyamazisha msimamizi kidogo kwa bibi ambaye mifupa yake inaisha? Ikatoka sindano ya romosozumabu, iliyoidhinishwa Japani na Marekani 2019. Si dawa ya zahanati zetu, bei yake ni ya matajiri. Lakini maarifa yake ni ya bure: kinachopunguza sklerostini bila kulipa senti ni mguu kukanyaga ardhi.

Tufike kwa kijana wa bodaboda, maana hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Ameanguka, mfupa wa paja umekatika. Dakika ile ile damu inamwagika kati ya ncha mbili na kuganda, na bonge hilo si takataka, ndiyo mbegu ya uponyaji. Baada ya wiki 2 au 3 linakuwa kovu laini la gegedu. Baadaye wajenzi wanaligeuza kuwa mfupa wa haraka haraka, mnene na usio na umbo, na kwa miezi mingi, hata miaka, wabomoaji na wajenzi wanauchonga hadi unarudia umbo lake. Seli hizo zinahitaji vitu viwili ambavyo haziwezi kuvipata zenyewe: damu ya kutosha, na utulivu wenye kiasi. Mfupa ukichezacheza ovyo, hauungani. Ukibanwa bila hata chembe ya mtikisiko, nao huchelewa.

Ndiyo maana nasema wazi kuhusu mafundi wetu wa kuunga mifupa vijijini. Wapo wenye mikono mizuri, na mkono uliovunjika bila kupishana wanaweza kuufunga ukapona. Ila banzi likikazwa mno, damu haifiki. Vidole vinavimba, vinakuwa baridi, vinakosa hisia, na jamaa wanaambiwa ni dawa inafanya kazi. Hapana. Hiyo ni nyama na mfupa vinakufa, na mwisho wake ni msumeno hospitalini. Mgonjwa akisema vidole vimekufa ganzi, banzi lilegezwe saa ile ile, usiku huo huo, bila kungoja ruhusa ya mtu. Hata aliyefungwa hogo hospitalini, vidole vyake vikiwa hivyo, arudishwe mara moja.

Paja ni habari nyingine. Hilo halina mjadala wa kijijini. Litakwenda hospitali ya Biharamulo au Murgwanza, na pengine Chato au Bugando. Miaka mingi tiba ya kawaida katika hospitali zetu ilikuwa kuvutwa kwa mawe: chuma kinapitishwa chini ya goti, kamba, uzito unaning'inia mwisho wa kitanda, na mgonjwa analala miezi. Mfupa ulikuwa unaungana, lakini osteosaiti za mwili mzima zilikuwa zinasikia kimya. Chokaa inatoka mifupani, inapitia kwenye mkojo, mwingine anapata mawe ya figo ya kweli kwa sababu ya mawe ya kitandani. Siku ya kusimama, mguu umekonda na goti limekakamaa. George Perkins, daktari wa mifupa wa Uingereza, alisisitiza mguu uchezeshwe goti ukiwa bado kwenye uzito, na hospitali nyingi za Afrika zikamfuata. Alikuwa sahihi kabla hata sababu ya ndani haijajulikana vizuri.

Siku hizi kuna chuma kinachoingizwa ndani ya uwazi wa mfupa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, ni kati ya hospitali zinazotumia vyuma vya shirika la SIGN, lililoanzishwa 1999 mjini Richland, jimbo la Washington, na daktari Lewis Zirkle, aliyewahi kuhudumu jeshini Vietnam. Chuma hicho kimebuniwa ili kifungwe bila ile eksirei ya gharama ya chumba cha upasuaji. Mgonjwa anaanza kukanyaga mapema. Watu wakimwona majuma machache baada ya ajali anajikongoja na magongo, wanasema daktari kamharakisha. Daktari anajua anawaamsha akina nani.

Kwa hiyo ukiwa na ndugu wodini, usikae tu pembeni ya kitanda ukimpepea. Muulize muuguzi: akunje kifundo cha mguu mara ngapi kwa siku? Akaze msuli wa paja? Ajiinue kwa ile kamba ya juu? Na sigara azime kabisa, kwa kuwa inabana mishipa midogo inayolisha kovu la mfupa. Gongo na rubisi navyo viwekwe kando mpaka apone. Pombe nyingi inawalegeza wajenzi.

Halafu inakuja supu. Kwetu ukivunjika unanyweshwa supu ya makongoro mpaka unaichukia. Ni nzuri, ina joto, inamtia mgonjwa hamu, na nisingependa kumnyima mtu supu. Ila chokaa iliyomo ni kidogo, na kolajeni ya makongoro inameng'enywa tumboni kama nyama nyingine, haiendi moja kwa moja kwenye paja. Bora dagaa wa ziwani waliokaushwa, wanaoliwa wazima na miiba yao: chokaa iko pale pale mdomoni, na protini juu yake. Kisha maharage, maziwa kwa anayeyapata, mboga za majani. Chokaa hata hivyo si kila kitu. Huko Gambia, kijijini Keneba, mtafiti Ann Prentice na wenzake walikuta wanawake wanaopata chokaa kidogo, kama miligramu 300 hadi 400 kwa siku, chini ya nusu ya inayoshauriwa Ulaya, na bado kuvunjika mifupa uzeeni huko ni nadra. Wanalima, wanatembea, jua linawachoma. Jua ndilo linaloipa ngozi vitamini D, inayoifungulia chokaa mlango wa utumbo. Utafiti uliochapishwa 2012 kuhusu Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania ulikuta kiwango chao cha wastani ni nanomoli 115 kwa lita, ambacho Wazungu wengi hawakifikii. Basi mtoto mchanga asifichwe ndani miezi kwa kuogopa macho ya watu. Matege huanzia hapo.

Kuna nyakati seli zenyewe ni nzima lakini zinapewa amri mbaya. Mfano wa Tanzania uko Arumeru, mkoani Arusha, kwenye maji yenye floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi kule vinakipita kwa mbali. Meno yanakuwa ya kahawia, hilo kila mtu amelisikia. Lisiloonekana mapema ni kwamba floraidi inawachochea wajenzi wajenge, na inajichomeka ndani ya fuwele za mfupa. Mfupa unakuwa mzito na bado ni dhaifu, miguu ya watoto inapinda, mgongo wa mtu mzima unakakamaa. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachosafisha maji hayo, na dawa yake ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Mkaa huo wa mifupa unainasa floraidi majini kabla haijafika kwenye mifupa ya mtu. Mimi napenda sana akili hiyo.

Kifua kikuu nacho hushuka kwenye uti wa mgongo, wabomoaji wakachochewa mpaka pingili inaanguka na mtu anapata kibiongo. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa za jioni na kukonda si ya kupaka dawa ya kuchua. Kwa mwenye baridi yabisi, kinga ya mwili inawaita wabomoaji kwenye kingo za viungo. Kwa mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea hasa Kanda ya Ziwa, damu inakwama na osteosaiti za kichwa cha paja zinakufa kwa njaa. Kifo cha namna hiyo huwapata pia wanaomeza deksamethasoni au prednisoloni kiholela, iwe ni kutafuta unene au kutuliza kiuno. Vidonge hivyo vina kazi yake akikuandikia daktari. Vya kunong'onezwa dukani viache vilipo.

Nimalizie na jambo linalouhusu mkoa wetu wa Kagera moja kwa moja. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani humu 1983. Walioanza dawa wakiwa vijana sasa wana mvi, na hilo ni la kushukuru. Lakini virusi vyenyewe huwachochea wabomoaji wa mfupa, na tenofovia, iliyomo kwenye kidonge cha TLD kinachotumiwa na wengi, huongeza upungufu kidogo, asilimia chache, zaidi mwaka wa kwanza na wa pili, kisha hali hutulia. Kwa mama aliyekwisha kuacha siku zake, upungufu huo unakuta mwingine. Homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa inawazuia wabomoaji. Ikiondoka, kwa miaka kadhaa wanakwenda mbio kuliko wajenzi. Mama wa namna hiyo, awe Rulenge au Lusahunga, asiache kidonge hata siku moja kwa ajili ya mifupa, maana bila kidonge hakutakuwa na mifupa ya kuzungumzia. Siku ya kliniki aulize figo zake zilipimwa lini, kwa sababu fosfati ya mfupa hupotelea huko. Aseme pia kama kimo chake kimepungua, au kama mgongo ulimuuma ghafla alipoinua kitu kidogo tu, ndoo nusu au mtoto. Na jembe asilitupe kwa kuwa ana miaka 55. Apunguze eneo, si siku.